Fundi Saa wa Kwenye Karatasi

Ulimi wa mtu asiyekujua unaweza kukufunga jela. Mama mmoja alijionea hayo ndani ya treni, kapu la chakula cha mumewe likiwa mapajani.

Mbele yake wanaume wawili walibishania karatasi ya herufi za siri, iliyokutwa miaka mingi nyuma mfukoni mwa mtu aliyeuawa. "Nimeifumbua, bwana," alisema mwenye miwani. "Inamtaja muuaji: fundi saa, kiguru, karibu na stesheni." Mwenzake akacheka. "Umeruka herufi kumi na mbili! Kwa mtindo huo hata mama mkwe wako atatokea." "Huyo nilimtafuta kwanza. Hayumo."

Mama alianza kucheka, kisha akaacha. Mumewe ni fundi saa, kibanda chake kiko karibu na stesheni, na mguu wake mmoja ni mfupi. Lakini hawa hawamjui. Au wanamjua? Au ni yeye, mke, asiyemjua mumewe?

"Polisi nimeshawapelekea jibu hilo tangu asubuhi," akaongeza mwenye miwani. "Kabla hujahakikisha?" "Kuhakikisha ni kazi yao, ndugu yangu."

Treni ikasimama. Mumewe alikuwa akija kupokea kapu, akichechemea, na mwenye miwani akamnyooshea kidole kupitia dirishani.