Modeste Musoni, Aliyezika Kuku wa Msaada

Wachungaji, ndugu, majirani wa Misiera na ninyi mliotoka Mbarara, familia imemtuma Eliane, binti wa marehemu, awasomee maisha ya baba yake, naye ameyaandika bila kuficha, hata pale yanapomwaibisha yeye mwenyewe.

Marehemu Modeste Musoni alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 karibu na Uvira, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu wa mzee Musoni na mama Mukandoli, akasoma huko mpaka akapata diplome ya mifugo mwaka 1986. Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa na mama Viviane, Mungu akawajalia watoto watatu, Déo, Eliane na Patient. Vita vya Oktoba 1996 viliwatoa kwao na kitoto kimoja mgongoni, wakapokelewa katika kambi ya wakimbizi ya Oruchinga tarehe 2 Februari 1997, na miaka miwili baadaye wakahamia hapa Misiera, katika kambi ya Nakivale.

Mwaka 2007 aliajiriwa kwenye shamba moja la kuku nje ya Mbarara, ambako watafiti walichunguza jinsi hewa na joto vinavyotembea ndani ya mabanda. Dada Kyomuhendo, mtafiti, alikuwa ametundika vipimo vya upepo usawa wa kichwa cha mtu, navyo vilisema hewa ni safi, lakini Modeste alilala kifudifudi juu ya maranda yaliyolowa kinyesi, akawasha jani kavu la mgomba, akamwonyesha kwamba moshi umesimama palepale penye pua za kuku. Toka siku hiyo vipimo vikashushwa, matundu yakafunguliwa chini ya kuta na juu ya paa, vifo vikapungua, na yeye akaendelea kulala katika uchafu ule kila juma kwa miaka mitano, akirudi macho mekundu na nguo zinazonuka, hata watoto wake wakakataa kula naye sahani moja.

Tarehe 15 Juni 2012 wageni wakubwa walialikwa kuuona utafiti huo wa hewa, dada Kyomuhendo akiwa masomoni Kampala. Meneja, bwana Aloysius, akaagiza turubai za pembeni zishushwe na matundu ya paa yazibwe kwa magunia, kwa sababu hema la chakula lilikuwa jirani, na wageni wasingeweza kula pilau huku wakisikia harufu ya mavi ya kuku. Modeste alimsihi mara mbili, akaambiwa mkimbizi asiwafundishe wenye nchi. Wageni walikula, walisifu, waliondoka, na banda lilipofunguliwa kuku mia sita na arobaini walikuwa wamerundikana ukutani midomo wazi.

Kesho yake, mizoga ile ile ilipakiwa kwenye lori, ikaletwa Misiera kuwa zawadi kwa wakimbizi. Mnakumbuka, maana wengi wenu mlikuwa mstarini na mabeseni. Modeste alishuka kutoka lorini, akampasua kuku mmoja mbele yenu, utumbo ukatoka wa kijani, wenye harufu iliyowafanya wa mbele warudi nyuma, akasema: “Hii haikuchinjwa, ilikufa kwa kukosa pumuzi. Banatuletea sisi sababu imbwa yabo imekatala.”

Akachimba shimo, akawatumbukiza wote, akawamwagia mafuta ya taa. Watu walikuwa na njaa, posho ilikuwa imepunguzwa, wengine wakamtemea mate, wakampa jina la Mzika Nyama, na msichana mmoja wa miaka kumi na minne alimfuata mpaka shimoni na beseni lake tupu, akamwambia: “Papa, uko unatuua na njaa.” Msichana huyo ndiye anayewasomea karatasi hii.

Jumatatu alifukuzwa kazi, na kwenye ripoti ikaandikwa kwamba kuku walikufa kwa sababu mhudumu alisinzia. Karo ikakosekana, Eliane akaacha shule akiwa senior two, mwaka wa pili wa sekondari. Kifua cha marehemu, kilichokuwa kimeshiba vumbi la mabanda, kilizidi kumbana, akalazwa Mbarara mara tatu, akafariki Jumapili tarehe 9 Agosti 2015.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na dada Kyomuhendo, aliyeleta jana daftari lake lenye maelezo ya kweli ya kazi ya marehemu, mtakaliona mezani. Shamba halishukuriwi. Trei za mayai walizotuma zimerudi na dereva wao. Tunawashukuru majirani waliochimba kaburi, wakiwemo wanne waliomtemea mate siku ile, ambao jana walikuja wenyewe na majembe yao.

Papa Modeste, binti yako anakuomba radhi mbele ya watu wale wale, na anajua amechelewa. Pumua sasa, pumzika kwa amani.