Mzee Owor na Foleni ya Ukutani

Tangu Januari 1994 hadi Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, anapostaafu, Mzee Rasto Owor amekuwa mpaka rangi wa Yadi ya Mizigo ya Daraja Mbili, hapa Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Hiyo ni miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kuandika HATARI, POLEPOLE na USIKOJOE HAPA. Hili la mwisho ameliandika mara kumi na tisa, mahali pale pale, na wahusika wanajijua.

Mzee hakupitia chuo chochote cha uchoraji. Alitoka kwao Tororo na brashi moja, akakabidhiwa makopo mawili ya rangi, nyeupe na kijani, na kwa miaka ishirini na mitano hakuchora kitu ambacho hakuagizwa.

Mwaka 2019 alitumwa Tororo kununua rangi. Huko akawakuta wajane wa kikundi fulani wakichora ukuta wa soko: wanawake kumi na wawili kwenye benchi, kila mmoja ameshika konzi ya udongo wa shamba alilonyang'anywa. Akamuuliza kiongozi wao, Mama Agwang, nani amewatuma.

"Tumejituma," mama akamjibu. "Waliochukua mashamba wanapita hapa kila siku kununua nyama. Acha watuone."

Mzee alirudi jioni, bila rangi.

Wiki iliyofuata, saa za chakula cha mchana, akaanza kuchora kwenye ukuta mrefu wa ghala letu foleni ya malori, jinsi tunavyoijua sisi. Dereva ananyoa ndevu kwenye kioo cha pembeni. Utingo kalala chini ya tela. Kila lori aliliandikia siku lilizosubiri kuvuka, na mwisho kabisa akamweka Amuge, muuza uji wa getini, na ndoo yake. Kijani kilizidi kidogo. Hata uji ulikuwa wa kijani.

Alikosea jambo moja: aliwachora watu halisi. Madereva walipojikuta ukutani, wakaichukulia picha kuwa ndiyo foleni yenyewe. Lenox wa Busia alikuja na karatasi zake za geti. "Mzee, mimi niliingia Jumanne. Okochi kaingia Jumatano. Mbona yuko mbele yangu?"

"Lalamika kwa ukuta," Okochi akamwambia. "Mimi nakaa hapa."

Mzee alikataa kumsogeza yeyote. "Hata huko barabarani hamsogei," akasema.

Mwezi uliopita ikaja habari ya wageni wa kuikagua yadi. Meneja wetu, Madam Felistus, akaagiza ukuta upakwe nyeupe, maana lori la mbele lilisema siku tisa, na sisi kwenye vitabu vyetu tunasema mbili. Na yadi ina mpaka rangi mmoja tu. Basi kazi ya mwisho ya Mzee Owor ikawa kufuta kazi pekee aliyojituma mwenyewe. Tulimshauri augue. Hakuugua.

Jumatatu ya wiki hii alipanda ngazi, akaanzia mbele. Alipomaliza kulipaka lori la kwanza akatangaza, "Huyu amevuka."

Madereva wakakusanyika chini ya ngazi. La pili, amevuka. Okochi akavuka akipunga mkono. Lenox alinung'unika hadi zamu yake ilipofika, kisha akakimbilia lori lake la kweli na kupiga honi. Kufikia saa kumi foleni nzima ilikuwa imevuka, na watu wazima, wenye wake na watoto, walikuwa wanaishangilia rangi nyeupe.

Akabaki Amuge na ndoo yake. Mzee akachovya brashi, lakini mkono haukuinuka. Madam Felistus alikuwa ametoka ofisini kuona kelele ni za nini. Akamtazama Amuge wa ukutani, kisha Amuge mwenyewe, aliyekuwa anamimina uji kando ya geti bila kumjali mtu.

"Huyo hayumo kwenye foleni," Madam akasema. "Mwacheni."

Mpaka leo yupo, peke yake, katikati ya weupe wote ule. Wageni walipofika walipiga picha naye, malori hawakuyaulizia.

Asante, Mzee Owor, kwa miaka yote hii. Tunakuombea afya njema, magoti yanayokubali ngazi, na majirani wenye kuta ndefu.