Apolonia Mageni na Ukuta Wenye Alama Nyekundu

Ndugu waombolezaji, mimi Theonest, mtoto wake wa kwanza, ndiye ninayesoma. Nikikwama, nivumilieni.

Mama yetu mpendwa, marehemu Apolonia Mageni, alizaliwa Bugarama tarehe 9 Februari 1929, mtoto wa nne wa mfugaji Mageni. Shule alisoma hadi darasa la pili tu. Mwalimu alimchapa kwa kosa la mwingine, naye akamng'ata mkono, wakamrudisha nyumbani. Hakuwahi kujuta.

Mwaka 1950 alifunga ndoa na Baba yetu, Stanslaus Nkwabi, mpakiaji wa pamba stesheni ya Shinyanga. Walijenga nyumba ya udongo Mtaa wa Mabanzi, nyuma ya maduka, na Mama akawapikia wapakiaji makande kwa miaka mingi. Mzee Champaklal, mwenye duka la jirani, alituma bakuli kila Jumamosi akidai ni la mgeni wake. Mgeni huyo hatukumwona hata siku moja.

Machi 1974 ilitoka amri mtaa uvunjwe, yajengwe maduka ya ghorofa. Nyumba zikapigwa alama nyekundu. Mama, kwa ukaidi wake, akaifunika yetu kwa udongo na samadi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Siku ya tingatinga majirani walikimbizia watoto kwetu wakisema, "Kwa Mama Theonest hakuna alama, hawatagusa." Mkubwa wa mgambo akakwangua ukuta kwa rungu, alama ikatokea. Mama alimvunja taya kwa mchi. Wakamwangusha, wakampiga hadi akazimia, na tingatinga likasukuma. Baba aliwatoa watoto mmoja mmoja. Akarudi kumchukua Mbuke, yatima wa jirani, akamrusha nje dirishani, na ukuta ukamwangukia Baba mwenyewe. Tulimtoa kwa majembe.

Tulihamia hapa Nyasubi, Kahama, na Mama akamlea Mbuke kama wa tumbo lake. Ila tangu siku ile hakushika tena udongo wa ukuta. Alisema mikono yake ndiyo iliyomuua mumewe. Tulimkatalia, hakusikia.

Mwezi uliopita alama nyekundu ilitufuata huku, kwa kuwa soko linapanuliwa. Mbuke alimuuliza, "Mayu, mama yangu, nifunike?" Akajibu, "Acha. Waione wote. Na mtu asiingie ndani." Akaketi mlangoni na mchi wake. Tarehe 3 Juni mgambo walikuja kututoa, wakampiga mateke ya mbavu mbele ya wajukuu. Alilazwa hospitali akitapika damu. Alfajiri ya jana, tarehe 7 Juni 1986, alituaga.

Ameacha watoto watatu, Mbuke akiwa wa nne, na wajukuu tisa. Wengi mmeuliza kwa nini tumechimba kaburi hapa mlangoni, tukaacha makaburi ya mji. Ndivyo alivyoagiza mwenyewe. Kesho Jumatatu tingatinga linakuja, na litamkuta yeye kwanza.

Mungu ampumzishe Mama kwa amani, na watu wamwache apumzike.