Choo cha Kufuli Tatu

Tangu maji ya Elinino yapungue, kijiwe cha Khalid muuza kahawa pale Garsen kilikuwa na habari moja tu: choo. Tena si choo hivi hivi. Kilisimama ng'ambo ya barabara, choo cha mfano, kazi ya mradi wa afya kwa ushirikiano na wenyeji, kina bati jipya na mlango wa bluu. Mlango ulikuwa na kufuli tatu: ya mwenyekiti wa kamati, ya wakulima na ya wafugaji. Ushirikiano ndio huo. Leo mkaguzi wa mradi anakuja. Akiridhika, saruji ya vyoo vya mitaani inabaki. Asiporidhika, inakwenda kijiji cha Kilelengwani. Buya, makamu mwenyekiti, ambaye kijiwe kilimwita Vaisi, alivaa kanzu yake ya Idi. Kile kiti cha mwenyekiti alikitamani mpaka akakiota.

— Vaisi, leo bwana harusi! alisema Khalid akimimina kahawa.

— Kiongozi lazima aonekane, bwana. Elimu ya afya inaanza na kiongozi.

— Inaanza na kufuli, alidakia Guyo, mfugaji waliyembandika jina la Redio kwa kuwa hazimwi. Choo bila kufuli mtu anaingia tu, anachafua. Sasa wewe nafundisha watu na choo chafu?

— Kweli kabisa! alisema Buya. Kilivyo safi vile, mtu akipita anakitazama, anaelimika.

— Mimi nasema tuongeze kufuli ya nne, ya akina mama, alisema Khalid.

— Na askari wa kulinda!

— Na askari naye apewe kamati.

— Yenye makamu mwenyekiti! alimalizia Buya, na kijiwe kizima kikaangua kicheko, kahawa ikamwagikia kanzu.

Hapo akatokea dada mwenye buibui na begi, amejaa vumbi.

— Asalaam aleikum, wazee. Mimi Nasteha, natoka kwenye mradi. Samahani, gari limenitikisa tangu Malindi. Naomba choo.

Buya akatoa haraka ufunguo wake, ule wa wakulima. Guyo akatoa wake.

— Na wa tatu?

— Iko na mwenyekiti, alisema Guyo. Amekwenda Hola, semina ya uongozi.

Nasteha aliutazama ule mlango wa bluu, akalitazama birika.

— Sasa nyinyi, na kahawa yote hii, huwa mnakwenda wapi?

Redio ikazimika. Macho yakakimbilia vichaka vya ukingo wa mto, yakarudi kwa Khalid aliyechota maji huko huko asubuhi, yakaishia ndani ya vikombe.

Buya aliona aibu, aibu ya kweli. Aliiona saruji ikienda Kilelengwani, na kile kiti kikiwa juu yake. Akanyakua mchi wa kahawa, akavuka barabara mbio, kanzu ameikunja kiunoni. Pa! Ya mwenyekiti. Pa! Ya wafugaji. Pa!

— Vaisi! alipiga kelele Khalid. Hiyo ni yako, na ufunguo si unao mkononi!

— Pita, dada, pita tu!

Nasteha akaingia, akajifungia kwa ndani. Alipotoka alikuta foleni mlangoni, na wa kwanza alikuwa Redio, amebana miguu, hasemi neno.