Chanjo Iliyolala na Samaki

Mvua ilipokatika mchana ule wa Jumanne, wazee wa benchi walikuwa wameshajipanga kwenye banda la kukaushia nazi, miguu imenyooshwa, bakuli la kava katikati. Pale kisiwani kahawa hawaijali. Wana mzizi wao: unatwangwa, unakorogwa kwa maji, unanywewa kwa kifuu, ulimi unakufa ganzi na dunia inaanza kwenda polepole kama wingu. Isikeli, mlinzi wa zahanati, ambaye walimwita Shemasi kwa jinsi alivyopenda kanisa, alishashusha vifuu vitano na moyo wake haukutulia. Jumapili alipata mjukuu wa kiume. Mkwewe, mama wa mtoto, ana homa ya ini kwenye damu, kwa hiyo mtoto alidungwa chanjo ya kumkinga siku ileile. Tangu hapo Isikeli hakuanza sala akaimaliza.

— Hebu niambieni, — alisema, kama anaulizia habari za mbali. — Chanjo ikigandishwa, si ndiyo inadumu zaidi?

— Sasa hilo nalo la kuuliza? — alijibu Vilikesa, aitwaye Kapteni, japo chombo chake ni kiboti cha watu wanne. — Jodari ukimlaza kwenye barafu anafika mjini Suva macho yanang'aa kama bwana harusi. Baridi imemharibia nani?

Isikeli akashusha pumzi. Ndivyo hasa alivyofikiri Jumamosi, friji ya sola ilipoanza kulia kwa kukosa jua. Muuguzi, Sista Taraivini, alikuwa kisiwa cha pili. Yeye akabeba chupa za chanjo, akazitia kwenye friza ya samaki ya kijiji, ile ya jenereta, tena chini kabisa, penye baridi ya kweli. Alfajiri akakuta zimekuwa mawe. Akaziyeyusha viganjani, jua likatoka, akazirudisha mahali pake kimya kimya, kisha akaenda ibadani akaimba kuliko wote.

— Kapteni, wewe mambo yako yote samaki, — alidakia Sireli, aliyesoma miaka minne mjini wakamwita Profesa. — Chanjo ile ni protini. Nilisikia redioni. Protini ni uzi, mrefu, umejikunja kwa namna yake. Askari wa mwilini wanazishika zile kunjo, kama unavyomjua mtu gizani kwa mwendo wake.

— Uzi na askari! Acha kamba zako.

— Kamba gani? Sikiliza. Uzi ukilegea, askari wanautafuna kabla hawajautazama vizuri. Ukikaza mno, meno hayapiti, hawapati kipande cha kuonyeshana. Unatakiwa ukae katikati.

— Na ukigandishwa? — aliuliza Isikeli.

Profesa akapiga kofi moja la viganja, kama ilivyo desturi kabla ya kava, akapokea kifuu, akanywa. Redio ilikuwa imemwishia hapo, lakini yeye hakuwa mtu wa kusimama redio inaposimama.

— Ukigandishwa, uzi unalala. Unaota. Kwenye ndoto unajiona ni nywele, ni mwani, ni moshi wa jikoni. Ukiamka umesahau ulikuwa nani.

— Aisee, — alisema Kapteni, na sasa hata yeye sauti ililegea. — Kwa hiyo askari wanafundishwa sura ya mtu mwingine?

— Wanafundishwa. Wanakaa mlangoni miaka yote wanamngojea mgeni asiyekuwepo. Adui mwenyewe anapita mbele yao, wanampungia mkono.

— Yalinikuta! — alisema Kapteni. — Nilikesha gatini Suva na picha ya mchumba mkononi, kumbe picha ya dada yake. Mchumba kasimama pembeni yangu tangu magharibi, mimi namwambia, dada, sogea kidogo, unanikinga.

Wakacheka mpaka bakuli likatikisika. Isikeli hakucheka. Aliwaona wale askari wadogo kwenye damu ya mjukuu wake, wamejipanga kwa heshima, wanangoja moshi wa jikoni.

Ndipo Sista Taraivini akaingia bandani na kichupa mkononi. Akakitikisa, akakiinua kwenye mwanga. Vipande vyeupe vikashuka taratibu hadi chini.

— Chanjo nzima haifanyi hivi, — alisema. — Hii iliganda. Jumapili nilimdunga mtoto kwa haraka, sikuitazama. Nani aliigandisha?

Isikeli akainuka, akatoka.

Aliporudi alikuwa na mzizi mzima wa kava, na udongo wake.

— Afadhali, Shemasi! — alisema Kapteni, akivuta kinu. — Bakuli limekauka.

Isikeli akampita. Akaketi chini mbele ya sista, kwenye unyevu, akauinua mzizi kwa mikono miwili, kichwa chini. Kapteni akaurudisha mchi polepole. Huo haukuwa mzizi wa kunywa. Kule kwao, aliyekosa ndivyo anavyokuja.

— Ni mimi, sista. Niliziweka na samaki. Kuziweka kulikuwa ujinga, Mungu anajua. Kunyamaza kulikuwa dhambi.

Sista akanyoosha mkono, akaugusa mzizi, akaupokea.

— Leo siku ya tatu, — alisema. — Bado inafaa kumdunga tena. Kisiwa cha pili kuna chupa nzima. Kapteni, mafuta yapo?

— Yapo. — Na Kapteni alikuwa ameshasimama.

— Asante, mwanangu, — alisema Isikeli, machozi yakimlenga. — Umenisamehe.

— Mimi nimekusamehe, baba. Mama yake mtoto bado hujamwomba.

Isikeli akatazama mikono yake. Ilikuwa na udongo tu. Akatoka bandani hivyo hivyo, kuelekea nyumbani kwa mkwewe.