Nusu Kidole cha Verlon

Benchi lenyewe liko nje ya duka la donati la Bi Thuy, hapo Biloxi, mji wa pwani ya Ghuba, ng'ambo ya barabara kutoka kasino, na wenye pensheni hupita mbele yake wakienda na matumaini na kurudi wakijilaani. Wenye benchi ni watatu. Wakili hakusoma sheria hata siku moja. Alifagia mahakama ya kaunti miaka thelathini akatoka na maneno yake. Nahodha alivua kambamiti mpaka mashua yake ikapigwa mnada. Wa tatu ni Verlon, mgane, aliyekuwa baharia wa Nahodha, na ambaye nusu ya kidole chake cha shahada ilikatwa na nyaya za nyavu.

Asubuhi hiyo Verlon alikuja na barua mbili, akazikandamiza kwa kikombe ili upepo usizichukue. Kisa chenyewe wenzake walikijua. Mwezi wa kumi na moja shemeji yake Odile, mdogo wa marehemu mkewe, alimvuta mbele ya mashine ya kamari akamwambia abonyeze yeye, kwa kile kigutu, maana kina bahati. Akabonyeza. Dola elfu arobaini na sita. Hela ya kuchezea ilikuwa ya Odile, ila kasino humtambua aliyebonyeza, basi fomu ya kodi ikaandikwa jina la Verlon. Akasaini, akachukua pesa, na kule kwenye maegesho akamkabidhi Odile bahasha yote. Mwenyewe aliambulia sahani ya chaza wa kukaanga.

— Hebu rudia zinasemaje, Wakili alisema.

— Hii ya kodi. Eti nimepata kipato nikanyamaza. Hii ya nyumba za msaada ninamokaa. Mwenye kipato hicho hastahili, na aliyekificha ndiyo kabisa. Niwe nimetoka tarehe moja.

— Leo ngapi?

— Ishirini na sita.

Nahodha alipuliza kahawa yake ingawa ilishapoa.

— Na Odile?

— Pesa zote zilirudi mulemule kwenye mashine kabla ya Pasaka. Nilimpigia simu. Akaniambia, "Shemeji, mimi sikubonyeza kitu."

Sauti ya Odile ni ya marehemu mkewe kabisa. Hilo lilimuuma Verlon kuliko barua zote mbili, ila hakulisema.

— Sikiliza, mzee, Wakili alianza. Aliyeliwa pesa kwenye kamari hupunguziwa kodi, hiyo ni sheria. Sakafu ya kasino imejaa vikaratasi vya walioliwa. Tuviokote, tuseme ni vyako.

— Vina tarehe na saa. Nitakuwa nimekaa kwenye mashine kumi dakika ileile.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha jela, Nahodha alidakia. Mwenzenu nimeiona njia. Kidole kimoja hakivunji chawa, sivyo? Sasa nusu kidole kitavunjaje kasino? Kidole cha Verlon kiko chini ya Ghuba tangu enzi za mashua yangu. Mshindi hayupo. Wakaidai bahari.

— Kilichobonyeza ni hiki kilichobaki.

— Sasa hilo usiwaambie.

Wakili alitikisa kichwa, akasogea karibu kama mtu mwenye siri.

— Basi ufe.

— Nini?

— Karatasini tu. Maiti halipi kodi.

— Maiti hapewi nyumba pia.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mzee wangu.

Walicheka, na Verlon akacheka nao. Kile chumba cha msaada amekaa miaka kumi na moja. Mapazia yake aliyashona mkewe akiwa tayari mgonjwa, na Verlon hakuwa na nguvu ya kuyashusha.

Pembeni mwa benchi alikuwapo mwanamke mgeni, mtu mzima, na mfuko wa nguo za kufua, akisubiri basi.

— Samahani, baba, alisema. Mimi si wa hapa. Hiyo tarehe moja utalala wapi?

Wakili alifungua kinywa. Ana nyumba ya vyumba vitatu na anaishi peke yake, na hakuna asiyelijua hilo. Akakifunga, akatazama ndani ya kikombe chake. Nahodha, ambaye chumba cha mwanawe kimefungwa tangu kijana ahamie mji wa Mobile, aligundua kwamba kamba ya kiatu imelegea. Akainama, akakawia kuifunga.

Verlon alisubiri. Alisubiri zaidi ya ilivyopendeza, mpaka mwanamke yule akajutia swali lake na kugeuzia uso barabarani. Ndipo Verlon akazikunja barua, akasema wasijali, atapata pa kulala.

— Utapata, Wakili alisema upesi.

— Hukosi, mzee, Nahodha alisema. Hukosi.