Herufi Tatu za Taa Nyekundu

Leo ni tarehe 14 Novemba 2025. Nimetimiza miaka sita na miezi miwili tangu niondoke Moba kuja kubeba mataruma ya reli hapa Kalemie. Papa Toussaint Kisimba ametimiza miaka thelathini na saba kwenye reli hiyo hiyo, na tarehe 30 anastaafu, anaingia pansioni. Wameniomba niandike habari zake katika kijarida cha gare, stesheni yetu, kwa sababu nimechoka pamoja naye mara nyingi.

Alianza akisukuma mabehewa kwa mikono, kisha akapewa taa ya siniali, ya kuwapa madereva ishara, yenye vioo vitatu: cheupe, cha kijani na chekundu. Kwa taa hiyo akawa mpiga picha. Anasimamisha kamera juu ya miguu mitatu, anaiacha wazi dakika mbili gizani, halafu anatembea mbele yake amevaa koti jeusi, akipitisha mwanga juu ya kitu kama mtu anayepaka rangi. Yeye haonekani, mwanga unabaki. Ile injini iliyooza nyuma ya karakana, kwenye picha yake inang'aa kama imefika jana. Shule aliiacha darasa la tano, lakini majina ya watu anayaandika hewani kinyumenyume bila kukosea, ili kwenye picha yasomeke sawa. Mama wengi wa hapa gare wana majina yao ukutani.

Miaka mitatu iliyopita nilimwomba jina la mke wangu, Odile, aliyebaki Moba, aliandike juu ya reli. Papa alishika kioo cheupe. Mimi njo niliyetaka chekundu. Cheupe kilinikumbusha hospitali. Akasema nyekundu ni ya kusimamisha treni. Nikamjibu kwamba treni ya Kabalo imechelewa siku mbili, kama kawaida yake, leo haiji. Akacheka, akabadilisha kioo.

Ilikuja. Alipomaliza herufi ya tatu, treni nzima ya mahindi ikafunga breki mbele yetu. Dereva, Papa Adalbert, akashuka mbio, akauliza nani amekufa.

Asubuhi shefu wa gare alimuuliza Papa Toussaint alikuwa na nani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na koleo, nikisubiri kupangiwa kazi: kibarua bila karatasi, wa kufukuzwa kabla ya saa sita kama angenitaja.

"Shefu, nilikuwa na taa yangu," alisema.

Alisimamishwa siku kumi na tano. Aliporudi alipewa ufagio wa depo mwaka mzima, na madereva wakipita walimuuliza leo anaandika nini. Aliwapungia ufagio. Kwangu hakuleta lawama, hata kwa utani.

Mama Ketsia wa biro, ofisi ya gare, anayechapa kijarida hiki, ameniuliza mara mbili kama aiondoe sehemu hii. Nimesema achape. Bado mimi ni kibarua, na shefu ni yule yule. Lakini siwezi kumuaga muntu huyu kwa sifa, halafu nimwachie kosa langu aende nalo nyumbani.

Papa Toussaint, asante. Pumzisha miguu. Taa wamekuruhusu uondoke nayo. Iwashe rangi unayotaka, huko kwako hakuna reli.

Mimi nashuka Moba na boti ya tarehe 20 Desemba, shefu aniache kazini au asiniache. Picha ninayo: O, D, I, kisha taa kubwa ya treni imemeza zilizobaki. Odile nitamweleza kwa mdomo.